Uzi: Seli inajuaje kwamba nje kumekuwa asidi? Kutoka mazuku hadi histidini

#1 Himbi_BioKemia (Goma)

Kila mara mazuku yanapojadiliwa hapa, gesi yenyewe inaelezwa vizuri. Ni CO2 inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inalala kwenye mashimo na mabonde ya lava, na inajaa zaidi usiku na alfajiri upepo ukitulia. Kisha maelezo yanaishia kwenye "inafukuza oksijeni". Ni kweli, ila ni nusu tu. CO2 ina sumu yake yenyewe, na mwili unaitambua kwa asidi inayozaa.

CO2 ikikutana na maji inakuwa asidi kaboniki, nayo inaachia protoni (H+) na bikaboneti. Kwenye damu kuna kimeng'enya, anhidrasi ya kaboniki, kinachoharakisha kazi hiyo sana. Sasa nani anazihesabu hizo protoni, naye amekaa wapi?

Tazameni kwanza ugumu wa kazi. pH ni kipimo cha asidi, na kadiri tarakimu yake inavyoshuka ndivyo protoni zinavyoongezeka. pH 7.4 ya damu ni nanomoli 40 tu za protoni kwa lita. Sodiamu katika damu hiyohiyo ni milimoli 140. Kwa kila protoni moja huru kuna sodiamu milioni tatu na nusu zinazopita mbele ya kipokezi. pH ikishuka hadi 7.1, protoni zimefika nanomoli 80, ikifika 6.8, ni 160. Kwenye kipimo tunaona tarakimu imesogea kidogo, kumbe wingi umekuwa mara nne.

Kipokezi cha homoni kina mfuko unaolingana na umbo la homoni. Protoni haina umbo la kushikwa hivyo. Protini inayoihisi ina asidi amino ambazo chaji yake inageuka ndani ya kiwango hichohicho cha pH. Histidini ndiyo maarufu: pKa yake (pH ambayo nusu ya molekuli zimeshika protoni) ikiwa huru ni karibu 6.0 hadi 6.5, kwa hiyo juu ya hapo haina chaji, chini ya hapo ina chaji chanya. Aspateti na glutameti kwa kawaida hugeuka karibu na pH 4, lakini zikizikwa ndani ya protini mbali na maji, pKa yao inaweza kupanda hadi 7 au zaidi. Chaji ikigeuka, sehemu zilizovutana zinaachana, zilizosukumana zinasogeleana, na umbo zima la protini linahama.

Upande wa vipokezi vinavyotumia protini G (protini za ndani ya seli zinazopokea ujumbe wa kipokezi na kuupitisha) kuna majina matatu ya kushika: GPR4, GPR65 (TDAG8) na GPR68 (OGR1). Mwaka 2003 watafiti wa Basel walionyesha kwamba OGR1 imelala kwenye pH 7.8 na imeamka kikamilifu kwenye 6.8. GPR68 inapitia protini G aina ya Gq: inositoli fosfeti, mjumbe wa ndani ya seli, inapanda, kalsiamu inatoka kwenye akiba ya ndani. GPR4 na GPR65 zinapitia aina ya Gs: cAMP, mjumbe mwingine wa ndani, inapanda. GPR4 ndiyo nyepesi kuamka, inaanza kufanya kazi hata kwenye pH ya kawaida ya damu. GPR65 inataka asidi zaidi. Mara nyingi GPR132 (G2A) inaongezwa kwenye orodha, ila mwitikio wake kwa asidi ni dhaifu. Anayeanza utafiti asianzie hapo.

Upande wa pili ni chaneli za ioni (protini zenye tundu la kupitisha ioni kwenye utando wa seli): ASIC zinazofunguliwa na asidi, na TRPV1 ile ya pilipili. Hizo nawaachia wenyewe.

#2 FizioLubum (Lubumbashi)

Aksanti yaya. Naongeza kwenye histidini, maana hapo maelezo mengi ya kufundishia yamebaki kwenye mwaka 2003.

Mfano wa wakati ule ulikuwa hivi: histidini za upande wa nje wa GPR68 zimeshikana kwa vifungo vya hidrojeni na kukifunga kipokezi, zikipata protoni zinasukumana, kipokezi kinafunguka. Una ushahidi, kwa sababu ukibadilisha histidini hizo pH ya kuamka inasogea. Lakini kusogea si kuzimika. Ukiondoa histidini moja, kipokezi bado kinahisi asidi. Tena ukilinganisha GPR4, GPR65 na GPR68, histidini za nje hazikai zote mahali pamoja. Kingekuwa kihisi chenyewe ni hizo peke yake, ukoo mzima ungezilinda.

Kilicholindwa katika zote tatu kiko ndani zaidi, katikati ya utando: aspateti mbili na glutameti moja, nafasi 2.50, 7.49 na 4.53 kwa namba za Ballesteros na Weinstein (utaratibu wa kulinganisha nafasi kati ya vipokezi vya aina hii). Vipokezi vingi vya kundi A (kundi kubwa kuliko yote la vipokezi vya protini G) vina asparajini kwenye 7.49, hivi vina aspateti. Mwaka 2025 yalitoka maumbo ya vipokezi vyote vitatu kwa mikroskopu ya elektroni ya baridi kali, pamoja na jaribio la kubadilisha GPR68 nafasi kwa nafasi. Picha iliyopatikana ni ya mtandao: protoni zinapokelewa na asidi amino kadhaa, kuanzia uso wa nje hadi utatu ule uliozikwa, na zinasaidiana. Ndiyo maana mkunjo wa mwitikio ni mkali kuliko ambavyo protoni moja ingeweza kuleta.

Kwa anayepanga jaribio hii ina maana ya moja kwa moja. Usibadilishe histidini moja kisha upime pointi mbili. Badiliko linalosogeza pH50 (pH ya nusu ya mwitikio) kwa 0.3 litaonekana limeua kipokezi ukipima 7.4 na 7.0 peke yake, na litaonekana halikufanya lolote ukipima 8.0 na 6.0. Pima mkunjo wote.

Na makala za kabla ya 2003 zinazoviita hivi vipokezi vya lipidi, zisomwe kwa tahadhari kubwa. Kadhaa kati yake ziliondolewa baadaye na majarida yaliyozichapisha.

#3 Ibanda_Bio (Bukavu)

Docta, na mimi nina swali. Ndimu ikiingia kwenye mkato wa kidole, maumivu yanakuja hapohapo. cAMP inachukua dakika kupanda. Basi anayeleta maumivu si GPR?

#4 Katuba_Chaneli (Lubumbashi)

Umeona sawasawa dada. Maumivu ya haraka ni ya chaneli. Chaneli haina mtu wa kati: protoni inagusa nje, tundu linafunguka, sodiamu inaingia, neva inawaka. Yote ndani ya milisekunde.

ASIC ni protini tatu zilizoshikana kuzunguka tundu moja. Ya kwanza kutambuliwa kuwa ya asidi ilitangazwa Ufaransa mwaka 1997, na umbo la ASIC1 ya kuku likapatikana mwaka 2007. Kwenye sehemu yake ya nje kuna bonde lililojaa aspateti na glutameti zinazokabiliana jozi kwa jozi. Zikiwa na chaji hasi zinasukumana na bonde linabaki wazi. Protoni zikiingia kati yao bonde linajikunja na kuvuta tundu lifunguke. ASIC1a inaanza kufunguka pH ikishuka chini ya 7.0. ASIC3 iko kwenye neva za hisia, zikiwemo za moyo na misuli. ASIC2a ni nzito, inataka pH karibu 5 au chini yake.

TRPV1 inafunguliwa na asidi yenyewe chini ya pH 6 hivi. Kwenye ile ya panya, glutameti ya nafasi 648 ndiyo ya kufungua, na ya 600 ndiyo ya kuongeza usikivu. Kabla asidi haijafikia nguvu ya kufungua, tayari inashusha kiwango cha joto kinachoiamsha, ambacho kwa kawaida ni digrii 43. Kwa hiyo penye uvimbe, joto la mwili lenyewe linaweza kutosha kuwasha. Maji ya ndimu yana pH karibu 2 na kidogo, basi yanazipiga zote kwa pamoja.

Sasa makosa ya ASIC, kwa sababu yanarudi kila siku.

Kubwa kuliko yote: ASIC1a inalala bila kufunguka ukiiacha kwenye asidi ndogo. Ukiiweka kwenye pH 7.2 kwa dakika chache ukidhani "ni karibu na 7.4 tu", nusu ya chaneli zimeshanyamaza. Ukimwaga pH 6.0 unaona mkondo mdogo wa umeme na kuandika kwamba seli haina chaneli. Mapumziko yawe 7.4 kamili au juu kidogo, na kati ya pigo moja na jingine subiri dakika moja hivi.

Pili ni kasi ya kubadilisha maji. Mkondo wa ASIC1a unapanda na kuanguka ndani ya sekunde moja au mbili. Ukibadilisha kwa pipeti ya mkono, asidi inafika polepole na chaneli zinalala zikiwa njiani. Tumia bomba jembamba lililoelekezwa kwenye seli moja, ubadilishe ndani ya milisekunde kadhaa.

Tatu, sisi wa mji wa shaba tuangalie maji. Zinki na shaba zinaizuia ASIC1a, tena zinki inafanya hivyo kwa kiasi kidogo mno. Bafa (maji ya chumvi yanayoshikilia pH isisogee) itengenezwe kwa maji yaliyosafishwa mara mbili. Maji ya bomba lenye vifaa vya shaba hayafai hata kwa kusuuzia chupa mara ya mwisho.

Ukitaka kuthibitisha kwamba mkondo ni wa ASIC, weka amiloridi, dawa inayoziba chaneli hizi, mikromoli 100. Kilicho safi zaidi ni sumu za wanyama: psalmotoksini ya buibui kwa ASIC1a, na mambalgini za koboko (Dendroaspis polylepis), zilizotangazwa mwaka 2012. Inanigusa kila ninapoifikiria: nyoka anayeogopwa kuliko wote huku kusini amebeba protini inayotuliza maumivu ya panya bila kupitia vipokezi vya mofini.

#5 Labo_Kadutu (Bukavu)

Naleta upande wa mezani kwa GPR, kwa kuwa ndipo matokeo mengi yanapoharibika.

Seli za kawaida ni HEK293 (seli za figo ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizoingizwa jeni ya kipokezi. Lazima pawepo kundi la kulinganisha lenye plasmidi tupu (DNA ya kubebea isiyo na jeni ya kipokezi), kwenye kila pH. Seli hizi zina vihisi vyake vya asidi vya kuzaliwa, ASIC1a ikiwemo, kwa hiyo "seli hazina kitu" si dhana salama.

Bafa isiwe na bikaboneti. Moja inayofanya kazi: NaCl milimoli 130, KCl 5, CaCl2 1.8, MgCl2 0.8, glukosi 5.5, kisha HEPES, EPPS na MES milimoli 10 kila moja. Kwa nini tatu? HEPES peke yake ina pKa karibu 7.5; ukifika 6.2 imekwisha nguvu, na seli zenyewe zinaanza kusogeza pH kwa asidi laktiki. MES (6.1) inashika chini, EPPS (8.0) inashika juu. Mchanganyiko mmoja unatumika kwenye pH zote ili tofauti iwe protoni tu, si aina ya bafa. Gawa chupa, rekebisha kwa NaOH kuanzia 8.0 hadi 6.0 kwa hatua za 0.2. Hizo ni pointi kumi na moja. Kagua osmolariti mwishoni, kwa sababu chupa ya 8.0 imekunywa NaOH nyingi kuliko ya 6.0.

Rekebisha pH bafa ikiwa digrii 37. Hili linapuuzwa kuliko yote. pKa ya HEPES inashuka karibu 0.014 kwa kila digrii. Ukiirekebisha 7.40 asubuhi labo ikiwa na digrii 20, kwenye digrii 37 unayo karibu 7.16. Kwa GPR4 huo ni umbali mkubwa. Trisi ni mbaya mara mbili ya hapo, iachwe. Kipima pH kisanifiwe kwa 7.00 na 4.01 siku hiyohiyo, na elektrodi ilale kwenye KCl molari 3, kamwe isilale kwenye maji yaliyokenekwa.

Siku ya jaribio: ondoa midiamu (maji ya lishe ya seli), suuza mara mbili kwa bafa ya 8.0 au 7.8 ili vipokezi vyote vianze vikiwa vimelala, acha dakika 15. Kisha weka bafa za majaribio. Kwa cAMP ongeza IBMX milimoli 0.5 kuzuia isivunjwe, na subiri dakika 15 hadi 30. Ukianza kwenye midiamu ya kawaida, GPR4 imekwisha kuamka kabla hujaanza, na utasema mwitikio ni mdogo.

Mitego ya kusoma matokeo: protini ya kung'aa ya kijani (EGFP) inafifia yenyewe kwenye asidi, pKa yake ni karibu 6. Vihisi vya kalsiamu vilivyojengwa juu yake vinaathirika pia. Ukiacha seli kwenye pH 6.2, pH ya ndani nayo inashuka kiasi, mwanga unapungua, na unaweza kuandika "kalsiamu imeshuka" wakati imepanda. Kinga ni ile ya kundi la plasmidi tupu. Kwa lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, pasua seli kwenye bafa ya pH 7.8 kabla ya kusoma, kwa sababu kimeng'enya hicho kinabadilisha mwanga wake kwenye asidi.

Mwisho, tumia kisaidizi. Utafiti wa 2015 uligundua kwamba lorazepamu inaongeza usikivu wa GPR68 kwa protoni, na ukazaa molekuli bora zaidi, ogerini. Ukiweka ogerini na mkunjo ukasogea kuelekea pH ya juu kwenye seli zenye GPR68 tu, una uhakika unaangalia kipokezi na si uchovu wa seli.

#6 Himbi_BioKemia (Goma)

Mukubwa wa Kadutu, hii ni ya kuchapisha na kubandika ukutani. Nirudi kwenye mazuku tukiwa na hesabu mkononi.

Goma iko mita 1,500 hivi, shinikizo la hewa karibu milimita 640 za zebaki. Ukiondoa 47 za mvuke wa maji kwenye mapafu, inabaki 593. Shimo lenye CO2 asilimia 10 linakuletea shinikizo la CO2 la 59 kwenye hewa unayovuta. Damu ya kawaida ina 40, kwetu huwa chini kidogo. Upumue kwa nguvu kiasi chochote, damu haiwezi kushuka chini ya kile unachovuta. Kwa kanuni ya haraka, pH inashuka 0.008 kwa kila milimita inayoongezeka: damu haiwezi kubaki juu ya 7.25, na protoni zimetoka nanomoli 40 hadi 56 au zaidi. Hiyo ni asilimia 10 tu. Kwenye mazuku kuna mahali inapozidi hapo mbali sana.

Protoni za damu hazivuki kirahisi kuingia kwenye ubongo. CO2 inavuka. Ikifika kwenye maji ya ubongo, ambayo hayana protini nyingi za kuzuia asidi, inazaa protoni palepale. Kwenye shina la ubongo kuna neva za kiini cha retrotrapezoidi zinazoendesha pumzi, na mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba zinategemea GPR4 pamoja na TASK-2, chaneli ya potasiamu. Panya waliokosa zote mbili walipoteza karibu mwitikio wote wa kupumua haraka CO2 ilipoongezwa. Kwa hiyo kile kifua kinachoanza kuhema mtu anapoingia kwenye bonde baya, sehemu kubwa ni GPR4 na TASK-2 zinazosoma asidi.

Na hofu? Mwaka 2009 ilionekana kwamba panya wasio na ASIC1a wanaganda kwa woga kidogo kuliko wengine wakipewa CO2, na kwamba amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, yenyewe inahisi asidi. Lakini mwaka 2013 watu ambao amigdala yao imeharibika walipovuta CO2 asilimia 35 walishikwa na hofu kali. Amigdala si mlango pekee basi. Nadhani wanaofundisha hili waweke matokeo yote mawili pamoja.

Sasa jambo la kufa na kupona. Vihisi hivi vinasoma asidi baada ya gesi kuingia mwilini. Kwenye kiwango kikubwa mtu anazimia baada ya pumzi chache, kabla onyo halijamsaidia. Mtoto na mbuzi wanatangulia kwa sababu vichwa vyao viko chini, ndani ya gesi. Anayeinama kumwokoa anaanguka juu yake. Mshumaa haufai kama kipimo: CO2 asilimia 10 iliyochanganyika na hewa bado inaacha oksijeni karibu asilimia 19, moto unaweza kuendelea kuwaka pale ambapo mtu anazimia ndani ya dakika chache. Anayevutwa avutwe kwa kamba kutoka juu, na aliye juu abaki amesimama.

#7 Ibanda_Bio (Bukavu)

Hesabu hiyo ya 593 imenishtua kwa sababu nyingine. Inkubeta zetu zote (makabati ya kukuzia seli) zimewekwa CO2 asilimia 5 kama maelekezo yanavyosema. Maelekezo yaliandikwa usawa wa bahari!

#8 FizioLubum (Lubumbashi)

Hasa. Usawa wa bahari, 760 ukiondoa 47 za mvuke inabaki 713, na asilimia 5 yake ni karibu 36. Kwenu ni 30. Kwa midiamu yenye bikaboneti milimoli 26, pH inatoka 7.48 kwenda 7.56. Ukipandisha hadi asilimia 6 unarudi palepale. Na wanaotumia midiamu ya DMEM yenye gramu 3.7 za bikaboneti kwa lita, hiyo ni milimoli 44: hata usawa wa bahari kwa asilimia 5 inakaa karibu 7.7.

#9 Labo_Kadutu (Bukavu)

Msipandishe kwa kukisia, wapendwa. Inategemea kihisi cha inkubeta. Kihisi cha infraredi kinahesabu molekuli za CO2 zilizo mbele yake, hakijui asilimia. Kama kilisanifiwa usawa wa bahari na hakijasahihishwa kwa mwinuko, "5" inayoonyeshwa Bukavu inaweza kuwa tayari ni shinikizo la 36, na ukiweka 6 umezidisha. Kama fundi alikisanifu hapa kwa gesi ya asilimia inayojulikana, basi hesabu ya FizioLubum ndiyo sahihi.

Pima. Weka midiamu yenye bikaboneti milimoli 26, bila seli, kwenye sahani pana usiku mzima, umeme ukiwa haujakatika. Asubuhi, mkono ukiwa ndani ya inkubeta, jaza kichupa hadi mdomoni, funga pasipo hewa, toa, na pima ndani ya dakika moja kwa elektrodi nyembamba iliyopashwa digrii 37. Usipime kwenye sahani iliyotolewa nje: CO2 inatoroka mara moja na fenoli nyekundu, rangi ya kuonyesha pH iliyomo kwenye midiamu, inaanza kuwa waridi mbele ya macho yako. Ukipata 7.45 hadi 7.50, acha kama ilivyo. Ukipata 7.55 au zaidi, panda hadi 6, subiri usiku mwingine, pima tena.